Maji Meupe, Tope na Mchicha: Maswali Yenu Kuhusu Mito ya Machimboni

Tangu tuanze safu hii, barua nyingi zimekuja kutoka kwa wanaolima kandokando ya mito iliyo chini ya machimbo. Majibu ya toleo hili yameandaliwa kwa pamoja na mtaalamu wetu wa ubora wa maji na bwana shamba wetu. Karibu kila barua inaulizia "sumu ya mgodi" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Zebaki, aseniki, risasi, shaba, sayanaidi na tindikali kila moja ina njia yake ya kusafiri na mahali pake pa kutua. Kinga ya moja haisaidii kwa nyingine.

Nalima mchicha, sukuma wiki na nyanya kando ya kijito. Juu yangu kuna makarasha (mashine za kusaga mawe) na mialo ya kuoshea udongo wa dhahabu. Siku za kazi maji huwa kama chai ya maziwa, Jumapili yanatakata. Nikimwagilia Jumapili tu nitakuwa salama?
*Mkulima, Geita*

Utakuwa umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ila hujaimaliza. Risasi, sehemu kubwa ya aseniki na zebaki inayotoka kwenye mialo husafiri zikiwa zimegandamana na chembe za udongo. Maji ya Jumapili yana chembe chache, kwa hiyo yana mzigo mdogo. Lakini tope la wiki nzima limelala pale chini, na mdomo wa pampu yako ukigusa kitanda cha kijito unalinyonya lote na kulimwaga bustanini.

Basi anza na mdomo wa pampu. Ufunge kwenye dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri lielee, mdomo uning'inie sentimita 30 chini ya uso wa maji, na ubaki angalau sentimita 30 nyingine juu ya kitanda cha kijito. Kijito kikiwa na kina kidogo kuliko hapo, chimba kisima cha pembeni na uache maji yaingie polepole.

Halafu fanya jaribio la chupa. Chota maji ya siku chafu kwenye chupa ya lita moja inayoona ndani, iweke kivulini usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa meupe juu na tope limetuama chini, bwawa la kutuamisha linakutosha. Yakiwa bado yana ukungu, hiyo ni chembe ya mfinyanzi, na haitatuama kwa siku mbili wala tatu bila msaada.

Ukubwa wa bwawa unapatikana kwa hesabu. Eka moja ikipewa milimita 5 za maji kwa siku inakunywa kama lita 20,000. Bwawa la kushika maji ya siku mbili linaweza kuwa na urefu wa mita 11, upana mita 4 na kina mita 1. Maji yaingie upande mmoja mfupi, yakipita juu ya ukingo mpana ulio bapa ili yasichimbe, na pampu ivute kutoka upande wa pili. Wengi hukosea hapa: huweka maji yaingilie na kutokea upande uleule, yanakatiza kwa njia ya mkato na robo tatu ya bwawa inakaa bure.

Kwa maji ya mfinyanzi tumia shabu, ile chumvi ya kutakasia maji. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji safi. Chukua chupa nne za lita moja za maji ya kijito, na kwa bomba la sindano tia mililita 2, 3, 4 na 5 za ule mchanganyiko. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika kumi, acha nusu saa. Chupa ya kwanza iliyotakata ndiyo kipimo chako: mililita 2 ni gramu 20 za shabu kwa kila lita 1,000 za maji, mililita 5 ni gramu 50. Shabu inashusha pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi), kwa hiyo kama maji yako yana pH chini ya 6 usiitumie kabla hujasoma jibu la msomaji wa Tarime.

Tope la bwawani likifika theluthi ya kina litoe. Usilimwage shambani hata kama linaonekana lina rutuba, maana ndimo ulimokusanya kile ulichokuwa unakikimbia. Lizike mbali na mto, si chini ya mita 60, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaja kwa shughuli za binadamu kandokando ya mito.

Bustanini kwenyewe, acha kumwagilia majani kwa keni. Peleka maji kwenye shina kwa mfereji, na tandaza nyasi kavu chini ya mchicha ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani. Risasi iliyo kwenye mboga za majani mara nyingi imekaa juu kama vumbi na udongo kuliko iliyopanda kupitia mizizi. Osha mboga kwa maji safi mara tatu, ukibadilisha maji kila mara, na maji hayo yasiwe ya kijito hichohicho. Nyanya ina nafuu zaidi: kwa kawaida matunda hubeba metali kidogo kuliko majani na mizizi.

Nataka kupima maji kabla ya kukodi shamba. Nachukuaje sampuli, nazipeleka wapi, na namba zikirudi nazisomaje?
*Kijana mkulima, Mwanza*

Umeuliza swali ambalo tungependa kila mtu aulize kabla ya kutoa hela ya kodi. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapo Mwanza, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa. Nenda maabara kwanza ukiwa mikono mitupu. Ukifika na chupa ya soda iliyojaa maji umepoteza nauli, kwa sababu kila kipimo kina chupa yake. Sampuli ya metali huwekwa asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hujibandika kwenye kuta za chupa na majibu yanarudi mazuri kwa uongo. Sampuli ya sayanaidi hutiwa soda kali mpaka pH ipande juu ya 12 na hukaa kwenye chupa nyeusi. Ukizichanganya hizo mbili, yaani kutia asidi kwenye maji yenye sayanaidi, unatengeneza gesi ya kuua.

Kwenye fomu usiandike "kupima maji". Ukiandika hivyo huenda ukapimiwa chumvi, tope na vimelea peke yake. Taja kwa majina: pH, EC (wingi wa chumvi), aseniki, risasi, kadimiamu, shaba, zinki, manganizi, chuma, zebaki, na sayanaidi kama jirani kuna mitambo ya kuchenjulia marudio (mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu). Omba metali zipimwe mara mbili: jumla, na zilizoyeyuka baada ya kuchujwa. Tofauti ya namba hizo ndiyo itakayokuambia kama bwawa la kutuamisha litakusaidia. Aseniki jumla ikiwa juu na iliyoyeyuka ikiwa chini, tatizo lako ni tope. Zikilingana, bwawa halitabadilisha kitu.

Chukua sampuli sehemu tatu: juu ya machimbo, chini yake, na pale utakapovutia maji. Bila sampuli ya juu huwezi kujua kipi kimeletwa na machimbo na kipi kimo kwenye miamba yenyewe, na miamba ya dhahabu ya ukanda wa Ziwa Victoria ina aseniki yake ya asili. Anza na sehemu ya chini ukipanda juu, ili tope unalotifua lisikufuate. Simama ukielekea mkondo unakotoka, zamisha chupa katikati ya mkondo kina cha sentimita 20 hadi 30. Chupa isiyo na dawa isuuze mara tatu kwa maji hayohayo. Yenye dawa usiisuuze, ijaze kwa kumiminia kutoka chombo kingine safi. Andika mahali, tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika, tia kwenye boksi la barafu. pH pima palepale mtoni, maana inabadilika njiani.

Rudia mara mbili kwa mwaka angalau: kiangazi kikali, na siku za mvua ya kwanza. Ile mvua ya kwanza huosha chumvi na tindikali zilizokaa juu ya vifusi miezi yote ya jua, na mara nyingi ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Kusoma namba, tumia viwango vya maji ya umwagiliaji vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. pH iwe kati ya 6.5 na 8.4. EC chini ya maikrosimensi 700 kwa sentimita haina shida. Juu ya 3,000 ni mbaya kwa mazao mengi. Kwa lita moja ya maji: aseniki isizidi miligramu 0.1, kadimiamu 0.01, shaba 0.2, manganizi 0.2, zinki 2, risasi 5. Usishangae risasi kuruhusiwa kiasi hicho. Viwango hivi viliwekwa kwa kuangalia zaidi mmea na udongo. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 0.01 tu ya risasi, mara 500 chini. Kwa hiyo cheti cha "yanafaa kwa umwagiliaji" kisikufanye unywe wala uoshee mboga.

Na hata kiwango kinachoruhusiwa kina hesabu yake. Hekta moja ikipokea mita za ujazo 10,000 kwa mwaka za maji yenye aseniki miligramu 0.1 kwa lita, inapokea kilo nzima ya aseniki kila mwaka, na sehemu kubwa haiondoki. Ndiyo maana tunataka upime na udongo pia, hasa kama shamba limemwagiliwa miaka mingi.

Maji ya kijito chetu yalikuwa machafu zamani. Sasa ni meupe kabisa, unaona mpaka chini, ila samaki na vyura wametoweka na mawe yamekuwa ya rangi ya kutu. Miche ya vitunguu inadumaa. Wazee wanasema maji yamepona.
*Msomaji, Tarime*

Hayajapona. Maji meupe yasiyo na uhai, juu ya mawe ya kutu, ni dalili kubwa ya tindikali ya mgodi. Kuna mawe yenye salfaidi, yale yanayong'aa manjano na kutoa harufu ya kiberiti yakigongwa. Yakiwa chini ya ardhi yametulia. Yakichimbwa, yakapondwa na kurundikwa juani na mvuani, hewa na maji huyageuza kuwa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Tindikali hiyo huyeyusha pia aluminiamu, shaba, zinki na manganizi. Maji yenye tindikali hutuamisha tope, ndiyo maana yanaonekana safi. Yakikutana na kijito kingine chuma hujitenga na kuganda kama kutu. Ukiona mahali pa makutano pana utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, hiyo ni aluminiamu, na ndiyo inayoziba matamvua ya samaki. Mizizi ya vitunguu nayo ni myepesi kuathirika: ng'oa mche mmoja, ukikuta mizizi mifupi, minene, ya kahawia nchani, aluminiamu ni mshukiwa wa kwanza. Wenyeji wa Mto Tigithe hawahitaji kuelezwa sana habari hizi. Mwaka 2009 maji ya tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi mtoni.

Pima pH kwa kipima cha mkononi kilichosawazishwa kwa maji ya pH 4 na 7 siku hiyohiyo. Ikiwa chini ya 4.5, acha kumwagilia na toa taarifa. Ikiwa kati ya 5 na 6.5, chokaa inaweza kukuvusha msimu.

Lakini pH peke yake haikuambii chokaa kiasi gani. Maji mawili yenye pH 5 yanaweza kutofautiana mara kumi katika mzigo wa tindikali, kwa sababu metali zilizoyeyuka ni tindikali iliyojificha. Omba maabara ipime asidi jumla. Kila lita 1,000 zenye asidi jumla ya miligramu 100 kwa lita zinahitaji gramu 74 za chokaa iliyozimwa. Kwa lita 20,000 ni kama kilo moja na nusu. Ikoroge kwanza kwenye ndoo, vaa miwani na glavu, mimina polepole kwenye bwawa ukikoroga, na acha metali zitue kabla ya kuvuta maji. Chokaa iliyokaa kwenye mfuko wazi imekwisha nguvu. Njia ya kupitisha maji kwenye mtaro wa mawe ya chokaa inapendwa kwa urahisi wake, ila kwenye maji yenye chuma kingi mawe huvishwa koti la kutu na kuacha kufanya kazi huku yakionekana yapo.

Hii ni huduma ya kwanza kwa shamba lako. Tindikali inazuiwa inakotoka, kwa kufunika vifusi na kukinga maji ya mvua yasivipitie, na huo ni wajibu wa mwenye vifusi.

Majirani wanachomea zebaki nyuma ya ua, hatua ishirini kutoka bustani yangu ya mchicha. Maji ya mtoni nayachemsha. Je, kuchemsha kunatoa zebaki? Nina mimba ya miezi minne.
*Mama, Chunya*

Hapana, mama. Kuchemsha kunaua vimelea tu. Metali kama risasi na aseniki hubaki, tena maji yakipungua sufuriani zinakolea. Lakini kwako wewe hatari iliyo karibu zaidi iko hewani kuliko mtoni. Anayechoma donge la dhahabu na zebaki kwenye moto wa wazi anarusha karibu zebaki yote kuwa mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo unavutwa na mapafu, unatua kwenye paa unalokingia mvua, na majani ya mchicha huunyonya moja kwa moja kutoka hewani. Kuosha hakutoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Hamisha bustani, na wakati wa kuchoma wewe na watoto msiwepo.

Waombe majirani watumie ritoti: chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopita kwenye maji ya baridi na kurudisha mvuke kuwa zebaki. Ikitumika vizuri inaokoa zaidi ya asilimia 90, na zebaki hiyo ni fedha yao. Hata hivyo isiwashwe ndani ya nyumba. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama, unataka kukomeshwa kuchoma wazi na kuchoma kwenye makazi. Unataka pia kukomeshwa jambo jingine baya, kupeleka kwenye sayanaidi marudio ambayo hayajatolewa zebaki, maana sayanaidi inaiyeyusha na kuipa miguu ya kufika mbali.

Zebaki iliyofika mtoni ina hadithi nyingine. Kwenye tope lisilo na hewa vijidudu huigeuza kuwa methili-zebaki, inapanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo hadi samaki mla samaki. Katika hali yako chagua perege wadogo, acha kambare wakubwa. Ukienda kliniki eleza haya yote. Zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo, ile ya samaki hupimwa kwenye nywele au damu. Ukipimwa kisichohusika utaambiwa huna kitu.

Na mawe yasitwangwe wala kusagwa nyumbani. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, kusaga mawe ya dhahabu yenye risasi kwenye nyua za nyumba kuliua watoto zaidi ya 400.

Mpunga je? Majaruba yangu yako chini ya rundo la marudio.
*Mkulima, Kahama*

Mpunga ndio zao tunalolihofia zaidi. Udongo uliofurika muda mrefu hukosa hewa, na hapo aseniki huachiwa na zebaki hugeuzwa methili, vyote vikielekea kwenye punje. Tumia mtindo wa kufurika na kukausha: zika bomba lenye matundu, urefu sentimita 30, acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha jaza tena sentimita 5. Wiki moja kabla na moja baada ya kuchanua usikaushe. Kama kadimiamu ni nyingi kwenye udongo, mtindo huu unaweza kuiongeza, kwa hiyo pima udongo kwanza. Jikoni, pika mchele kwa maji safi mara sita ya ujazo wake na umwage yanayobaki. Sehemu nzuri ya aseniki huondoka nayo.

Mipira yangu ya matone inaziba kwa utelezi wa rangi ya machungwa kila baada ya wiki mbili. Ni sumu?
*Mkulima, Migori*

Ni chuma na bakteria wanaokila. Chuma kikizidi miligramu 1.5 kwa lita matone huziba vibaya, ingawa mmea wenyewe unavumilia hadi 5. Angusha maji kutoka kimo cha mita moja ndani ya tangi ili yapate hewa, yaache yatuame usiku mzima, yapitishe kwenye kichujio cha maikroni 130, na fungua ncha za mipira kila wiki uzisukutue. Kama pH iko chini ya 5 hewa haitatosha. Rudi kwenye jibu la Tarime.

Kolwezi huku maharage yanageuka manjano, mizizi haina nywele.
*Msomaji, Kolwezi*

Kwa eneo la shaba na kobalti, pima shaba kwanza, kwenye maji na kwenye udongo. Shaba huua ncha za mizizi kabla majani hayajasema kitu. Pandisha pH ya udongo ifike 6.5 kwa chokaa na ongeza samadi iliyooza, vyote huishika shaba isipande. Maharage ni mwepesi kuumia. Jaribu mahindi huku ukisubiri majibu.

Samaki walipokufa Mto Mara mwaka 2022 tuliambiwa ni kinyesi cha ng'ombe. Sasa tukiona samaki wamekufa tunajuaje, na tunamwambia nani?
*Kikundi cha wakulima, Butiama*

Kamati iliyoundwa na Serikali ilisema hivyo: kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na uozo wa mimea vilimaliza oksijeni. Watu wengi hawakuridhika. Kisayansi jambo hilo linawezekana, na lina dalili zake: maji meusi yenye harufu ya uozo, samaki wakihema juu alfajiri kabla ya kufa, pH ya kawaida. Sayanaidi huua ghafla, wakubwa kwa wadogo, hata mchana, kwenye maji yasiyo na harufu ya uozo. Jua na hewa huivunja, kwa hiyo ukichelewa hutaikuta.

Basi saa za kwanza ndizo zenye ushahidi. Pima pH na, kama mnacho kipima, oksijeni. Piga picha zenye saa. Funga samaki watatu au wanne waliokufa muda huohuo kwenye karatasi ya aluminiamu, weka kwenye barafu. Msile wala kuuza waliobaki, na ng'ombe wasinyweshwe hapo. Mwenyekiti wa kijiji ashuhudie na kuandika. Palepale pigieni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), na mjulisheni ofisa mazingira wa halmashauri. Sampuli zenu zinasaidia kuelekeza uchunguzi, ila mbele ya sheria zinazobeba uzito ni zile alizochukua mkaguzi mwenyewe. Mwombeni achukue juu na chini ya kila mfereji unaoingia mtoni, na awaachie nakala ya fomu yenye namba za chupa.